Tisa-moja, kisha suluhu: hawa wanawake wa Prague waliwafanya nini Lyon?

#1 Kona ya Pili
Wakuu, salaam.

Jana usingizi ulinikataa, nikawa napekua matokeo ya zamani ya Ligi ya Mabingwa Ulaya upande wa wanawake. Nimekwama kwenye robo fainali ya Machi 2016. Sparta Prague wameenda Ufaransa kwa Lyon, wamekula 9–1. Wiki moja baadaye wakarudiana Prague: 0–0.

Nikasoma tena nikidhani ni macho. Lyon ile ndiyo iliyobeba kombe mwaka huo. Ina Wendie Renard, ina Le Sommer, ina Ada Hegerberg ambaye peke yake alimaliza mashindano na mabao 13. Sasa timu iliyookota mpira wavuni mara tisa inawezaje, ndani ya wiki, kuwafungia mlango watu walewale dakika tisini nzima? Mwenye kujua aseme, maana mimi nimeshindwa.

#2 Takwimu Tu
Tuanze kwa kusahihisha. Hiyo ni Slavia, siyo Sparta. Wote wa Prague, kule Cheki, na ni watani wa jadi kama Simba na Yanga. Slavia klabu ya 1892, Sparta ya 1893, na kununiana hakujaisha mpaka leo. Jezi ya Slavia imegawanywa katikati, nusu nyekundu nusu nyeupe, ndiyo maana kwao wanaitwa "walioshonwa". Ukimwita Slavia Sparta mbele ya shabiki wake utajitafutia kesi.

#3 Kona ya Pili
Nimepokea, mkuu. Slavia. Swali liko palepale.

#4 Mla Mihogo
Hamna siri hapo. Una mabao nane ya akiba, unaenda marudiano kutafuta nini? Kuumia enka? Lyon walienda Prague kupiga picha darajani. Uzi ufungwe.

#5 Takwimu Tu
Mla Mihogo, hoja yako tamu lakini haina mifupa. Angalia Lyon msimu uleule:

Medyk Konin ya Poland: 6–0, marudiano 3–0.
Atlético Madrid: 3–1, marudiano 6–0.
PSG kwenye nusu fainali: 7–0, marudiano 1–0.
Fainali na Wolfsburg: 1–1, wakashinda kwa penalti.

Umeona? Hata wakishamaliza kazi, bao moja hawakosi. Mechi tisa za Ulaya, moja tu walitoka bila kufunga. Ni hiyo ya Prague.

#6 Mla Mihogo
PSG kapigwa saba halafu moja. Si ndiyo kulegea kwenyewe huko? Kutoka moja kwenda sifuri ni mwamba wa goli tu, bwana.

#7 Shangazi wa Ilala
Mimi mpira siujui sana, nimefuata kelele. Nimeangalia majina ya hao mabinti wa Slavia: Votíková, Svitková, Kožárová, Divišová. Hivi timu nzima ni ya ukoo mmoja?

#8 Mbeba Boksi Praha
😂😂 Shangazi shikamoo. Niko huku mwaka wa sita. Hiyo "-ová" ni mkia wa jina la ukoo la mwanamke. Baba akiwa Svitek, binti anakuwa Svitková. Akiolewa na Novák anakuwa Nováková. Tangu 2022 sheria inamruhusu mwanamke kuuacha huo mkia akitaka, lakini wengi bado wanao. Mke wangu ni wa hukuhuku, tulipofunga ndoa mama yake aliniuliza kwa upole binti yake ataitwaje sasa. Jina langu la kimakonde ukiliwekea "-ová" mwisho linakuwa kama jina la dawa ya minyoo.

#9 Shangazi wa Ilala
Marahaba mwanangu. Umenichekesha mpaka chai imenipalia.

#10 Jirani wa Mkwakwani
Kwa hiyo Petr Čech dada yake angeitwa Čechová? Na yule jamaa jina lake tu ni "Mcheki"? Yaani kama mtu anaitwa Juma Mtanzania?

#11 Mbeba Boksi Praha
Ndiyo hivyohivyo. Na huku wapo wengi.

#12 Kipa Mstaafu
Turudi kwenye mada, na mimi naongea kama mtu aliyewahi kuokota nane. Mwaka siutaji, shule siitaji.

Mechi ya kwanza unaingia na heshima zako. Beki wanapanda, mnataka kucheza mpira kama mlivyofundishwa. Bao la tatu likiingia, mabeki wanaanza kukimbilia mpira wote kwa pamoja, kila mmoja anataka kuwa shujaa, na nyuma yao kunabaki uwanja wa kuchunga ng'ombe. Hapo ndipo tatu inakuwa sita na sita inakuwa tisa. Tisa haimaanishi mmezidiwa mara tisa. Ni kwamba mlivunjika mapema na hakuna wa kuwakusanya.

Marudiano kocha hana cha kupoteza. Anapanga mistari miwili kwenye kumi na nane yake, anamwambia kila mtu asiondoke kwenye godoro lake. Sisi tulirudiana na wale waliotupiga nane, tukafungwa moja, ya penalti, tena ya uongo. Watu walewale, goli lilelile la miti.

#13 Mla Mihogo
Kipa wewe kila uzi penalti yako ni ya uongo.

#14 Kipa Mstaafu
Ilikuwa ya uongo. Mpira ulimgonga begani.

#15 Takwimu Tu
Hoja ya Kipa naipenda, ila ngoja niwaongezee kitu kitakachowavuruga. Slavia wamecheza robo fainali tatu za mashindano haya: 2016 na Lyon, 2018 na Wolfsburg, 2019 na Bayern.

Ugenini: 1–9, 0–5, 1–5.
Nyumbani: 0–0, 1–1, 1–1.

Jumlisheni wenyewe. Ugenini wameruhusu 19, nyumbani 2. Robo fainali tatu, Prague hawajafungwa hata mechi moja, na hawajavuka hata mara moja. Sasa hapo si suala la Lyon kulegea siku moja.

#16 Jirani wa Mkwakwani
Hapo kuna mzee kafukia kitu golini. Mimi nimemaliza.

#17 Wa Mtwapa
Nimecheka 😂. Lakini jameni, home ni home. Unalala kitanda chako, unakula chakula cha mama. Hiyo ingine yote ni kelele.

#18 Mla Mihogo
Asante Takwimu, umenisaidia. Wolfsburg naye alishinda 5–0 kwanza, akaenda Prague na akiba ya tano. Lyon akiba ya nane. Wameenda kutembea. Narudia: uzi ufungwe.

#19 Mbeba Boksi Praha
Wakuu hamjui baridi ya huku, acheni niseme. Ligi ya wanawake huku inasimama majira ya baridi. Kuanzia Novemba hivi viwanja vinaganda, timu zinabaki kufanya mazoezi na kucheza za kirafiki mpaka karibu na Machi. Na robo fainali zinachezwa lini? Machi. Yaani Slavia anatoka kwenye usingizi wa dubu anaenda moja kwa moja kukutana na Lyon. Mechi ya kwanza miguu ni mbao. Ya pili, wiki moja baadaye, damu imeshaanza kutembea. Ndiyo 9–1 halafu 0–0. Ndiyo 5–0 halafu 1–1.

Nimewahi kwenda kuangalia mechi ya ligi ya wanawake hapa, mwezi wa kumi tu, na tayari mikono ilikuwa haifungui pochi. Watu wa kuhesabika. Mbele yangu mzee mmoja ana chupa ya chai, mkononi klobása, soseji nene ya kuchoma, na haradali kwenye sahani ya karatasi na kipande cha mkate mweusi. Kwa sababu watu wachache unasikia kila kitu wachezaji wanachosema. Kuna neno walikuwa wanalirudia mpaka nikalikariri: "Záda! Záda!" Nikamuuliza yule mzee, akajipiga nyuma: mgongo. Yaani yale yetu ya "mtu nyuma!". Binti wa kiungo akisikia tu "záda" anaachia mpira kwa mguso mmoja bila kugeuka. Dakika tisini nilimhesabia mara moja tu aliyonyang'anywa.

#20 Takwimu Tu
Mbeba Boksi, simulizi safi, nadharia nzuri. Ila kuna shimo. Mwaka 2019 na Bayern, mkondo wa kwanza ulichezwa Prague. 1–1. Marudiano Munich ndiyo 5–1. Kama tatizo ni miguu ya mbao ya baada ya baridi, ilipaswa wafungwe ile ya kwanza na wafufuke ya pili. Imekuwa kinyume.

Na Mla Mihogo usitabasamu. Bayern alienda Prague hana akiba ya hata bao moja. Alikuwa hajamaliza kazi, hajaanza hata kuifanya. Akashikwa.

#21 Mla Mihogo
Mwizi wewe. Hiyo ulikuwa umeificha.

#22 Wa Mtwapa
Si nilisema? Home. Number 17, rudini msome.

#23 Kocha Bila Cheti
Mimi nafundisha mabinti wilayani, sina leseni wala nini, filimbi nilinunua mwenyewe. Nadhani wote mnaangalia mechi mbili mnasahau ligi.

Tangu ligi ya Wacheki ianze peke yake 1993, baada ya Czechoslovakia kugawanyika, ubingwa umezunguka kwa Sparta na Slavia tu miaka yote niliyoifuatilia. Timu nane. Sasa wewe ni beki wa Slavia. Wiki hadi wiki unakutana na timu ambazo hazivuki katikati ya uwanja. Unakimbizwa lini?

Niwape kisa. Msimu mmoja mabinti zangu walikuwa wanashinda kumi na moja, nane, tisa. Nilikuwa na beki wa kati mrefu, mzuri, anaruka kama swala. Siku moja natazama, midomo yake imekuwa myekundu. Nikasema ameumia, damu. Nikakimbia uwanjani. Kumbe anakula ubuyu. Alikuwa ameuficha kwenye soksi kwa sababu mpira haufiki kwake na anachoka kusimama. Tukaenda mashindano ya mkoa, mechi ya kwanza winga wao akampita mara ya kwanza, akageuka kuniangalia mimi. Si kwamba hajui kukaba. Hajawahi kuulizwa hilo swali. Tulikula sita.

Slavia ugenini kwa Lyon ndiyo hiyo. Mara ya pili angalau swali wameshaliona.

#24 Shangazi wa Ilala
Maskini mtoto wa watu na ubuyu wake 😂 Anacheza bado?

#25 Kocha Bila Cheti
Anacheza, dada. Sasa hivi namkagua soksi kabla ya mechi.

#26 Kipa Mstaafu
Kocha hoja yako inapigwa na ileile ya 2019. Mechi ya kwanza na Bayern, Slavia swali hawakuwa wameliona, wakajibu. Ya pili walishaliona, wakakosa matano.

#27 Kocha Bila Cheti
Kweli. Hapo nina deni.

#28 Jirani wa Mkwakwani
Mkono, yaani tano! Wolfsburg kampiga mkono, Bayern kampiga mkono. Kuna watu humu neno mkono likitajwa wanaanza kutafuta mlango. Wana Simba, Novemba 2023 salaam zenu.

#29 Mla Mihogo
Na wana Yanga, 2012 salaam zenu pia. Tano kwa sifuri, siyo tano kwa moja. Kwaheri.

#30 Lushi Moja
Bonjour bote. Miye niko Lubumbashi. TP Mazembe ya bamama ilibeba kombe ya Afrika 2024, ilipiga AS FAR 1–0 kulekule Maroc. Kwa hiyo mambo ya kusema ugenini haiwezekane, huku kwetu tulishaimaliza. Ni roho tu.

#31 Wa Mtwapa
Heko Lushi, ile game niliona. Lakini ile ilikuwa fainali mechi moja, si home and away, buda.

#32 Bibi Jasiri
Habari za jioni. Kuna aliyeuliza hapo juu, sijui ni PM au wapi, kwa nini Cheki ina timu za wanawake zinazofika robo fainali wakati taifa lao lenyewe halijawahi kufuzu Euro wala Kombe la Dunia. Jibu langu linaenda nyuma sana. Wale watu wana mchezo unaitwa hazena, ndugu wa mpira wa mikono, wachezaji saba, uwanja umegawanywa sehemu tatu. Ulikuwa maarufu kwa wanawake kule kabla ya vita. Mwaka 1930 Prague ikaandaa Michezo ya Dunia ya Wanawake, siku tatu za Septemba, kwenye uwanja wa Letná. Wanawake kucheza mbele ya watu pale si jambo la jana. Kwa hiyo klabu ya mji mkuu ikiamua, mabinti wapo.

#33 Takwimu Tu
Bibi shikamoo. Ya hazena nimejifunza leo. Nyongeza tu ndogo ya kichokozi: Letná ni nyumbani kwa Sparta, siyo Slavia. Slavia wako Eden, Vršovice.

#34 Mbeba Boksi Praha
Tramu namba 22 inapita pale Eden kila siku, kituo kina jina la Slavia kabisa. Shabiki wa Sparta akipanda hiyo tramu anaangalia dirisha la upande wa pili.

#35 Bibi Jasiri
Marahaba. Mimi sijasema ni wa Slavia, nimesema Prague. Msome taratibu.

#36 Kona ya Pili
Nimerudi kazini sasa hivi nakuta kurasa mbili 🙏. Nani alikuwa mkubwa kihistoria, Sparta au Slavia? Maana hizi robo fainali zote naona Slavia.

#37 Takwimu Tu
Ligi ya nyumbani, Sparta. Miaka ya tisini walikuwa peke yao, na baadaye wakaja kupanga mataji mfululizo mpaka 2013. Slavia walichomoka 2014 wakachukua manne mfululizo mpaka 2017. Sparta wakajibu 2018 na 2019. Tangu hapo wanapokezana, Slavia akiwa na mkono wa juu: 2022, 2023 na 2024 ni yake.

Angalia miaka ya robo fainali: 2016, 2018, 2019. Zote zimetoka kwenye kile kizazi cha mataji manne. 2015 hawakufika huko, walikuwa wametolewa na Barcelona mapema kwenye hatua ya 32. Barcelona hiyohiyo ikatolewa na Bristol. Zamani ilikuwa zamani.

Na 2016 kabla ya Lyon waliitoa Zvezda ya Perm, Urusi, timu iliyocheza fainali 2009. Kwa hiyo hawakuokotwa barabarani.

#38 Kipa Mstaafu
Kile kizazi ndicho kilichouzwa. Svitková akaenda West Ham 2020, baadaye Chelsea. Kipa Votíková, yule mwenye chaneli ya YouTube, akaenda PSG 2021. Sparta naye Stašková akaenda Juventus 2019. Sisi makipa tulishangilia Votíková, kipa anayejirekodi halafu anasajiliwa PSG. Mimi enzi zangu nilirekodiwa mara moja, kwenye harusi.

#39 Mla Mihogo
Sasa Takwimu, baada ya 2019 je? Nyumbani bado hawafungwi? Maana naona umenyamaza kwa makusudi.

#40 Takwimu Tu
Sijanyamaza, nilikuwa nasubiri Wa Mtwapa ashangilie vya kutosha.

Oktoba 2019, miezi michache tu baada ya Bayern. Arsenal wanakuja Prague. 5–2, Vivianne Miedema kafunga manne. Marudiano kwa Arsenal 8–0.

Msimu wa 2022–23, hatua ya makundi. Slavia wanatoka suluhu na Wolfsburg. Haikuwa mechi ya kutembea, Roma walikuwa wanaifukuza Wolfsburg pointi moja nyuma mpaka mwisho wa kundi, na Wolfsburg hiyo ilifika fainali. Wakashindwa kuifunga Slavia.

Halafu Novemba 2023. Lyon wanarudi Prague. Mnataka matokeo?

#41 Wa Mtwapa
Usiseme.

#42 Takwimu Tu
Tisa bila. Nyumbani.

#43 Wa Mtwapa
😭😭😭 Hiyo home imeuzwa.

#44 Kona ya Pili
Duh. Tisa zilezile. Kwa hiyo Lyon ugenini 2016 sifuri, Lyon ugenini 2023 tisa. Uzi umezidi kunichanganya kuliko nilipoufungua.

#45 Jirani wa Mkwakwani
Mzee aliyefukia kafariki. Ni hilo tu, na mnakataa kuniamini.

#46 Kocha Bila Cheti
Ila hii ya 2023 inarudisha hoja yangu. Kizazi kimeuzwa, Ulaya ya juu imeweka hela, pengo limeongezeka, na ligi yao bado ni ya watu wawili.

#47 Kipa Mstaafu
Na suluhu ya Wolfsburg mwaka mmoja kabla utaiweka wapi? Kizazi kilikuwa kimeshauzwa.

#48 Mla Mihogo
Na taifa lao lilitoka suluhu na Marekani kulekule Marekani Februari 2022, na Julai 2024 likaifunga Hispania, bingwa wa dunia, 2–1. Halafu Desemba likatolewa na Ureno kwenye mchujo wa Euro. Hawa watu wakikutana na mkubwa kabisa wanakaza, wakikutana na saizi yao wanaachia. Nimebadilisha hoja, mniruhusu.

#49 Takwimu Tu
Arsenal si mkubwa? Bayern ya Munich?

#50 Mla Mihogo
Nipe mpaka kesho.

#51 Mbeba Boksi Praha
Kesho Jumamosi kuna mechi karibu na kwangu, nitakwenda na binti yangu, ana miaka minne, ameanza kusema "záda" kila akipita nyuma yangu jikoni. Yule mzee wa chai akiwepo nitamuuliza kuhusu 2016, kama alikuwepo uwanjani. Nikirudi nitaandika.

#52 Shangazi wa Ilala
Mvalishe soksi nzito huyo mtoto. Na umkague kama hana ubuyu.